Minazi Kumi na Miwili kwa Shahada Moja ya Biolojia

Wewe uliyetoka kupata matokeo ya kidato cha sita, simu iko mkononi na majina ya kozi yanapita mbele ya macho yako kama dagaa, hebu iweke chini kidogo, mwanangu. Haitakimbia. Nina jambo la kukueleza, na naomba unisikilize mpaka mwisho hata nikizunguka. Nilifundisha biolojia zaidi ya miaka thelathini katika sekondari ya hapa kisiwani kwetu Mafia, na mwalimu aliyestaafu huzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Sikuja kukukataza kusoma. Anayekukataza kusoma mkimbie, hata kama ni mjomba wako. Nataka tu nikuonyeshe namna ya kuipima shahada kabla hujaibeba, kwa sababu mimi niliwahi kumbebesha mtoto wa mtu bila kuipima.

Nianze na pweza.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja, meza mbili za saruji, hadubini moja ya kutumia mwanga wa dirishani, na bahari. Bahari ndiyo iliyokuwa stoo. Nilipotaka kufundisha wanyama wasio na uti wa mgongo sikuandika barua wilayani kuomba vifaa. Maji yakitoka, bahari ikipwa, nilikwenda pwani na ndoo. Wakati ule sikujua kama huo ni utajiri. Leo nikikaa barazani kwangu Baleni, mikono haina kazi, huitamani harufu ya chumba kile, spiriti na chumvi na majasho ya vijana arobaini, kuliko ninavyotamani chakula.

Basi siku moja nilileta pweza hai kwenye beseni, nikalifunika kwa kipande cha ubao, nikageuka kuchora mioyo yake. Pweza ana mioyo mitatu. Nilikuwa kwenye wa pili niliposikia darasa limenyamaza. Nyinyi mnaotaka ualimu, shikeni hili: darasa likinyamaza bila kuambiwa, geuka upesi. Niligeuka. Beseni tupu. Pweza alikuwa ameshapita chini ya mlango, anaburura mikono yake kwenye ukumbi kuelekea ofisi ya mkuu wa shule.

Mkuu wetu wakati huo alikuwa Mwalimu Joakim, mtu wa bara, wa milimani kabisa, aliyekuwa amewahi kumwona pweza kwenye sahani tu. Tulisikia kiti kikiburutwa, kisha sauti kutoka juu ya kiti:

"Mwalimu Zuhura! Njoo umchukue mwanafunzi wako!"

Aliyemkamata hakuwa mimi. Alikuwa msichana wa kidato cha pili, Hidaya, mtoto wa kisiwa jirani cha Jibondo. Alimwinua kwa mkono mmoja, akamgeuza, akatazama ncha za mikono yake moja moja kama mtu anayekagua kucha za mdogo wake.

"Jike huyu, Mwalimu."

"Umejuaje?"

"Dume mkono wake mmoja ncha yake haifanani na ya mingine. Mama ndiye aliyenionyesha." Akafikiri. "Mwalimu, mama akimkuta jike pangoni na mayai hamgusi. Anasema huyo hali kitu mpaka watoto watoke, halafu anakufa. Kwa nini hali?"

Mwalimu Joakim, bado yuko juu ya kiti, alinitazama kunipima. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kanuni yake ilikuwa moja: "Mtoto akikuuliza, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Ukijibu haraka, unajibu swali lako wewe, si lake." Siku ile nilihesabu. Nikamwambia Hidaya sijui, tutafute wote. Tulitafuta wiki nzima. Nadhani ile ndiyo wiki niliyofundisha vizuri kuliko zote maishani mwangu.

Sasa niruke miaka. Hidaya alimaliza kidato cha sita, akapata nafasi chuo kikuu bara, shahada ya kwanza ya biolojia, miaka mitatu. Mkopo wa serikali aliupata, lakini haukutosha. Ilibaki sehemu ya ada na gharama ambazo familia ilitakiwa kujaza. Jioni moja walikuja hapa kwangu yeye na baba yake, Fundi Haji, muundaji wa vyombo vya baharini. Mama yake, Bi Salma, alibaki nyumbani, lakini mali iliyokuwa ikizungumzwa ni yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibuni. Maji ya kunywa yale pale, watu wa Jibondo hawaulizwi kama wana kiu."

Fundi akacheka. Enzi hizo maji yao yalivuka bahari kwa chombo kuwafikia, na utani huo walikuwa wameuzoea. Kisha akaingia kwenye shida yake.

"Mwalimu, kwetu hakuna minazi, kuna mawe. Lakini mama Hidaya amerithi minazi kumi na miwili hapa Baleni kwa marehemu baba yake. Mzee Abeid yuko tayari kutupa fedha, tumwekee minazi rehani. Tunataka kauli yako."

Kwa wewe usiyejua, rehani yetu ya minazi iko hivi. Unampa mwenye fedha minazi yako, yeye anakupa fedha. Kila baada ya miezi mitatu hivi anaangua nazi, nazi ni zake. Hata akiangua miaka kumi, deni lako liko pale pale, halikupungua hata senti, wala halikukua. Siku utakayorudisha fedha zote, minazi inarudi. Masheikh wanaikemea, na sababu wanayo, lakini watu wanaifanya tangu babu zetu.

Fundi Haji akaongeza maneno ambayo mpaka leo yananiuma sikioni. "Mimi chombo kabla hakijaingia majini najua kitabeba magunia mangapi. Sasa hii shahada ya biolojia, Mwalimu, itabeba nini?"

Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mzazi. Na mimi sikuhesabu hata mpaka mbili.

"Itabeba familia nzima," nikasema. "Wekeni rehani."

Nikwambie kwa nini nilijibu hivyo, maana bila hili hutaelewa. Mimi pia nilichaguliwa chuo kikuu nilipokuwa binti. Wakati ule serikali ilitusomesha bila mkopo, lakini baba alikuwa ameshafariki, na nyuma yangu walikuwa wanne waliohitaji kula mwaka ule ule, si baada ya miaka mitatu. Stashahada ya ualimu ilikuwa miaka miwili na kazi inakusubiri mlangoni. Nikachukua stashahada. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Wadogo zangu wote walisoma kwa mshahara ule. Lakini kuna vitu nilivitamani kuvijua vya ndani ya bahari hii ambavyo havimo katika kitabu cha kidato cha nne, na niliwahi kuamka asubuhi nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu nikavitamani upya kama jana. Basi Fundi alipouliza, aliyejibu hakuwa mwalimu. Alikuwa yule binti. Nilimtuma Hidaya akanisomee.

Akaenda. Akasoma vizuri. Akarudi na shahada iliyofungwa kwenye plastiki, tukapika pilau.

Halafu kazi ikakosekana.

Hapa ndipo palipohitaji ufafanuzi ambao mimi, mfafanuzi mkuu, sikuutoa. Biolojia ni elimu, na elimu peke yake si leseni. Shule ikitaka mwalimu, inataka mtu aliyesomea ualimu. Hospitali ikitaka mtu wa maabara, inataka aliyesomea maabara ya afya na kusajiliwa. Mwenye biolojia tupu anasimama katikati: anajua kuliko wengi, lakini kila mlango unamuuliza cheti cha ziada. Milango ipo, usikate tamaa. Utafiti upo, hifadhi ipo, samaki na mwani vipo. Ila ni michache, na mingi ni ya mkataba mfupi. Mtoto anayejua hivyo tangu mwanzo hujiandaa. Hidaya hakujua, kwa kuwa mimi sikumwambia, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuuliza.

Na likaongezeka kosa jingine, la kwetu kabisa. Miezi michache baada ya kurudi, kituo kimoja kinachonunua samaki na pweza kilimtaka awe mkaguzi wa ubora. Mshahara mdogo, lakini mshahara. Fundi Haji akakataa. Nilipata habari baadaye hoja yake ilikuwa ipi. Alisema: "Ukianza kazi hiyo, mkopo wa chuo unaanza kukatwa kwenye kihela hicho hicho. Utabaki na nini? Deni halina haraka. Subiri ajira kubwa, ulikomboe mara moja."

Unaona alichofanya? Aliuchukua mkopo wa chuo akaufanya rehani. Katika rehani kungoja ni busara. Deni limelala, halikuamshi. Mkopo wa chuo haulali. Una mkataba, una muda wa kuanza kulipa, na usipopata ajira haukusahau. Ukipata ajira, mwajiri anakata sehemu ya mshahara kila mwezi kabla haujafika mkononi mwako, na kila kinachokatwa kinapunguza deni. Kwa hiyo kazi ndogo iliyokatwa ilikuwa inampunguzia. Kungoja hakukumpunguzia kitu. Wakati wanangoja, Mzee Abeid anaangua nazi.

Nilikutana na Bi Salma sokoni Kilindoni siku moja. Alikuwa ameinama kwenye fungu la nazi, anazigonga kwa kucha kusikiliza.

"Bi Salma, unanunua nazi?"

"Nanunua zangu mwenyewe, Mwalimu," akasema, na akacheka. "Hii ya minazi ya baba naijua, ina ganda jepesi. Chukua na wewe moja, ni tamu."

Nilichukua. Sikuweza kuikuna. Ilikaa jikoni mpaka ikachipua.

Hidaya alikuwa ameacha kuja kwangu. Mtoto ambaye kila likizo alikuwa akiniletea kombe na vijichupa vya matope, "Mwalimu, tazama hiki," sasa nikimwona kwa mbali anageuka njia. Mimi ni mtu wa kusubiri, lakini kusubiri kule kulinichosha. Kila mlango ukigongwa nilidhani ni yeye.

Mwaka wa pili ukakatika, ndipo akagonga kweli. Hakukaa.

"Shikamoo. Mzee Abeid amemwita baba. Anataka kwenda kuhiji, umri umekwenda. Anasema tumrudishie fedha zake kabla ya msafara, la sivyo atuongeze kidogo, minazi iwe yake moja kwa moja."

"Na fedha?"

"Hakuna. Mwalimu, mimi nina mambo mawili mkononi, na baba anasema nisifanye hata moja, ningoje." Akayataja. La kwanza, chuo kimoja bara kilikuwa tayari kumpokea kwa mwaka mmoja asomee ualimu juu ya biolojia yake, kwa gharama yake. La pili, mradi mmoja ulikuwa unatafuta mtu wa kupima na kuandika pweza na samaki wanaoshushwa pwani, mkataba wa mwaka mmoja, mshahara wa kawaida, na makato ya mkopo juu yake.

Nilifungua mdomo. Akaniwahi.

"Usinijibu, Mwalimu. Mara ya kwanza ulitujibu kabla hatujamaliza kuuliza."

Nikafunga mdomo. Nikahesabu. Nilipofika kumi nikavuta mkeka, nikasema, "Kaa basi, tutafute wote."

Akakaa. Sikia tulivyofanya, maana hii ndiyo kazi yenyewe.

Fedha zilimchanganya, laki na milioni zinafanana zikiwa karatasini. Nikamwambia tuhesabu kwa nazi. Minazi kumi na miwili ikianguliwa mara moja vizuri ilimpa mama yake nazi kama mia na ishirini. Basi mwaka wa ualimu ungekula nazi za kuangua mara ngapi? Tukaandika ada. Nikamuuliza na chakula, na chumba, na meli ya kwenda na kurudi. Tukaandika. Nikamuuliza, na mshahara wa mradi ambao hutaupata mwaka huo kwa sababu uko darasani, umeuandika wapi? Hakuwa ameuandika. Watu wengi hawauandiki huo. Kitu usichokipata kwa sababu umechagua kingine nacho ni gharama, hata kama hakuna anayekudai.

Kisha mapato. Hapo tukakwama, kwa sababu wote wawili tulikuwa tunakisia. Hidaya alidhani mwalimu mwenye shahada anapata fedha fulani. Alitaja kiasi ambacho kama ningekipata mimi ningekuwa na nyumba ya ghorofa. Kwetu mtu atakuonyesha kidonda chake lakini hatakuonyesha slipu ya mshahara. Nikaenda chumbani, nikatoa slipu yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, nikamwekea juu ya mkeka.

Aliisoma mstari kwa mstari. Akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna zaidi.

"Mwalimu! Ulikuwa unatupigia kelele zote zile kwa hela hii?"

"Kelele zilikuwa bure. Hela ni ya chaki."

Akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile kwa miaka miwili, na nilijifanya natafuta miwani.

Tukampigia simu mwenzake, Neema, aliyesoma naye na kuongeza mwaka ule wa ualimu. Hidaya akaweka spika.

"Neema, niambie kweli. Umepata?"

"Cheti nimepata. Kazi ya serikali bado naomba. Nafundisha shule ya mtu binafsi, ananilipa akikumbuka. Ila darasani, Hidaya, uongo mbaya, nafurahi. Usije kwa ajili ya hela ya haraka tu. Ukija, njoo na akiba."

Tukarudi kwenye karatasi yetu. Karatasi ilikuwa imesema: ualimu mlango mzuri, lakini si mwaka huu. Mkataba wa mradi mlango mdogo, lakini uko wazi leo, na ulikuwa unahusu pweza. Niliona macho yake yalivyotulia kwenye neno hilo. Sikumsukuma. Nilimwambia jambo moja tu, kwamba nina akiba ya kiinua mgongo, naweza kukomboa minazi ile.

"Hapana, Mwalimu," akasema taratibu. "Hilo nalo litakuwa deni. Na wewe nataka nije kukuona bila kudaiwa."

Alichukua mkataba. Akaenda mwenyewe kwa Mzee Abeid, akaomba jambo ambalo baba yake hakulifikiria kwa sababu halikuwahi kufanywa katika familia yao: akomboe mnazi mmoja mmoja, kila mwezi anachoweza. Mzee alikubali mpaka siku ya kufunga mizigo. Kila mwezi mshahara uliingia umeshakatwa mkopo, na kilichobaki aligawa, nusu nyumbani, nusu kwenye minazi. Siku ya safari ilipofika, minazi minane ilikuwa imerudi kwa Bi Salma. Minne iliuzwa moja kwa moja, kwa haki, mbele ya mashahidi, na Mzee Abeid akaenda kuhiji. Simlaumu. Alingoja kuliko wengi.

Minne ile naihesabu kuwa yangu. Ndiyo ada ya jibu langu la haraka. Iko nyuma ya msikiti, naipita kila Ijumaa, na mtu mwingine anaiangua.

Hidaya mkataba wake umeongezwa mara moja. Ukiisha, hajui. Anaweka akiba ya mwaka wa ualimu, polepole. Maji yakitoka huwa ananipitia, tunakwenda pwani mimi na fimbo yangu, yeye na rula na daftari. Wiki iliyopita alimkuta jike pangoni, amekumbatia mayai yake, rangi imempauka kwa njaa. Aliandika, hakumgusa. Nilitamani niwe na miaka ishirini, nilale kifudifudi kwenye maji yale na kuangalia mpaka niambiwe inatosha. Alinishika mkono nisiteleze, akanieleza kinachotokea ndani ya mwili wa mnyama yule, kwa nini hali, mambo waliyomfundisha chuoni. Nilimsikiliza kama mwanafunzi. Siwezi kukwambia kwamba elimu ile haikuwa na thamani ya minazi minne. Siwezi kukwambia pia kwamba ilikuwa nayo. Ninachoweza kukwambia ni kwamba mama yake hakupewa nafasi ya kujua bei kabla ya kulipa.

Wewe ipate nafasi hiyo. Usianze na mimi wala na mzazi wako. Sisi tuna matamanio yetu. Kabla hujatuma maombi ya kozi, mtafute mtu mmoja aliyehitimu kozi hiyo hiyo miaka miwili au mitatu iliyopita. Muulize anafanya kazi gani, alingoja muda gani kuipata, na baada ya makato anabaki na kiasi gani kwa mwezi. Andika majibu yote matatu kwenye karatasi, umsomee anayekulipia kwa sauti, ndipo utume.